Wanangu Wamenikataza Kukuna Nazi: Je, Nipumzike Kweli?

Maswali ya wasomaji kuhusu afya ya kina mama. Anayejibu ni mtaalamu mstaafu wa mazoezi tiba, mkazi wa Chumbageni, Tanga.

SWALI: Asalaam aleikum, dada yangu. Nina miaka 56, naishi Ngamiani. Hedhi ilikoma nikiwa na miaka 51. Watoto wangu nimewalea kwa kuuza vitumbua na mbaazi za asubuhi. Nazi nakuna mwenyewe, maji nachota mwenyewe. Mwaka jana mama yangu mzazi aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na mpaka leo hatembei bila kushikwa. Tangu hapo wanangu wameingiwa na hofu. Ndoo nisibebe, deki nisipige, mbuzi ya nazi wameipandisha juu ya kabati. Nakaa kitini nawatazama. Nilidhani nitapata nguvu, kumbe ndiyo naishiwa. Juzi hawapo, niliishusha ile mbuzi nikakuna nazi mbili. Kuinuka nikashindwa mpaka niliposhika ukuta. Hata sala nimehamia kwenye kiti. Majirani wanasema mafuta ya magoti yamekwisha na mifupa imekauka, bora nitulie. Je, ni kweli?
Mama Vitumbua, Ngamiani

JIBU: Wa aleikum salaam, mdogo wangu. Pole sana kwa mama, Mungu amjalie nafuu. Wanao wanakupenda, hilo liko wazi katika kila mstari wa barua yako, na hofu yao ina sababu. Lakini dawa waliyokuchagulia ndiyo inayokudhoofisha. Naomba uwasomee jibu hili kwa sauti, wote wakiwepo.

Mfupa si kitu kilichokufa. Kila siku kuna chembe zinazobomoa mfupa wa zamani na nyingine zinazojenga mpya. Ukiwa msichana wajenzi wako mbele. Ukifika miaka 30 hivi mfupa umefikia kilele chake. Homoni ya estrojeni ndiyo iliyokuwa inawazuia wabomoaji wasipite kiasi. Hedhi inapokoma, homoni hiyo inashuka, na wabomoaji wanawaacha wajenzi nyuma. Upotevu ni wa kasi zaidi katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo, na wapo wanawake wanaopoteza mpaka asilimia 20 ya uzito wa mifupa yao katika kipindi hicho. Wewe una miaka 5 tangu hedhi ikome. Umo humo humo ndani, na hii ndiyo miaka ambayo sikutaka ukae kitini.

Misuli nayo ina habari yake. Kuanzia miaka 30 hupungua taratibu, asilimia 3 hadi 8 kila miaka 10, na baada ya 60 mwendo unaongezeka. Madaktari wanauita upungufu huu sarkopenia. Hauumi, hauvimbi, na kwenye mizani huuoni, kwa sababu nyama inapoondoka mafuta yanakalia nafasi yake na kilo zinabaki zile zile. Unaugundua siku unapotaka kuinuka kwenye mbuzi.

Na hapo kwenye mbuzi ndipo nataka tukae kidogo, maana umenieleza jambo kubwa kuliko ulivyodhani. Kibao kile kiko chini mno. Ili uinuke, unatakiwa urudishe nyayo nyuma, uinamie mbele mpaka uzito wote uhamie miguuni, kisha mapaja na makalio yanyanyue mwili mzima bila msaada wa mikono. Hakuna mfupa unaoinuka wenyewe hapo. Ni misuli ya paja inayofanya kazi. Kwa hiyo uliposhika ukuta, ugonjwa haukuwa "mafuta ya magoti". Paja ndilo lililolegea, na paja hilo hilo ndilo linalokudaka ukiteleza bafuni. Magoti yakiwa yanauma pia, paja lenye nguvu huyapunguzia maumivu. Sijawahi kuona goti lililopona kwa kukalishwa kitini.

Wakati nikiwa kazini nilimhudumia mama mmoja aliyevunjika nyonga na kufungwa chuma. Mfupa ulishika vizuri, picha ya eksirei ilimfurahisha daktari. Nyumbani walimlaza wiki nyingi kwa mapenzi tu: uji kitandani, maji ya kuoga kitandani, asikanyage chini. Nilipoletewa, niliufunua mguu nikaona paja limekuwa jembamba kuliko goti. Ngozi ya paja ililegea na kuning'inia kwa ndani. Alipojaribu kusimama, mguu uliovunjika na ule mzima yote ilitetemeka sawasawa. Huo mzima ulikuwa na kosa gani? Ulilazwa tu. Na hili limepimwa kitaalamu. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya wazee wenye afya njema waliokubali kulala kitandani siku 10 mfululizo: kwa wastani walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Siku 10 tu, na hawakuwa wagonjwa.

Sasa nikupe upande wa matumaini, maana ni mkubwa. Mwaka 1990, huko Boston, watu 10 waliokuwa wakiishi kwenye nyumba ya wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 90, walianzishiwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Mmoja hakumaliza. Waliobaki, nguvu za miguu yao zilipanda zaidi ya maradufu. Miaka 90, mdogo wangu! Wewe wa 56 unaambiwaje utulie? Na kwa upande wa mifupa, huko Australia wanawake wenye umri wa zaidi ya miaka 58, mifupa yao tayari imepungua, walifanya mazoezi mazito chini ya msimamizi nusu saa mara 2 kwa wiki kwa miezi 8. Mfupa wa kiuno chao uliongezeka, ilhali wa wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani ulizidi kupungua. Neno la kushika hapo ni "mazito". Mfupa unajengwa pale unapolemewa kidogo kuliko ulivyozoea. Matembezi ya asubuhi ya Raskazone ni mazuri kwa moyo, presha na sukari, endelea nayo kama unayo. Baiskeli, ambayo sisi watu wa Tanga tumeizoea tangu utoto, inaimarisha mapaja. Lakini kwenye baiskeli uzito wako unabebwa na tandiko, nyonga na uti wa mgongo havielemewi. Vinahitaji mzigo.

Kwanza jipime. Kaa kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, mikono umeikunja kifuani. Simama wima kabisa, kaa, mara 5, kwa haraka unavyoweza, mwanao akikuhesabia sekunde kwenye simu. Zikizidi sekunde 15, nguvu ya miguu imeshapungua na kazi ianze wiki hii. Ukishindwa hata mara moja bila mikono, usijilaumu. Anza na kiti kirefu zaidi, au weka mto mgumu juu yake, kisha punguza kimo kila baada ya wiki chache. Mwisho wa safari hiyo ni kibao cha mbuzi chenyewe.

Zoezi la pili ni madumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mizani unayo nyumbani. Chukua madumu mawili ya lita 5, uyajaze nusu, simama katikati yake. Nyonga zirudi nyuma, magoti yakunjike, mgongo ubaki umenyooka, shika, simama. Mara 8, pumzika, mara 8 tena. Mara 2 za mwisho zikuwie vigumu lakini usivunje unyoofu wa mgongo. Zikiwa rahisi, ongeza maji. Fanya hivyo siku 2 au 3 kwa wiki, siku za katikati uiache misuli ijijenge. Ongeza na kusukuma ukuta kwa viganja, na kunyanyua visigino ukiwa umeshika nondo za dirisha, kisha uvishushe kwa kishindo kidogo. Kishindo hicho nyonga inakisikia. Ili mwili usiyumbe, simama kando ya ukuta, kisigino cha mguu mmoja kiguse vidole vya mwingine, uhesabu mpaka 10.

Lile la sala nalitaja kwa heshima. Hukumu yake waulize masheikh, si mimi. Ninalolijua ni kwamba anayeshuka mpaka kwenye msala na kuinuka kila siku anafanya kazi ambayo mwili wake utaihitaji siku akianguka na hakuna mtu nyumbani. Kama ulihamia kwenye kiti kwa sababu ya udhaifu na si maumivu makali, jifunze upya: weka stuli nzito kando yako, shuka kwa goti moja, ushike stuli kuinuka. Baada ya muda mkono utakuwa unaigusa tu.

Nazi ukune. Kaa na mgongo ulionyooka, nazi moja, simama, nyosha mwili, kisha ya pili. Maji ubebe, lakini usiruke kutoka sifuri hadi ndoo ya lita 20 kichwani. Panda pole pole kwa madumu ya mkononi. Na kabla ya yote haya, nenda kamuone daktari, hospitali ya Bombo au kituo kilicho karibu, umweleze jambo moja ambalo usilisahau: mama yako mzazi amevunjika nyonga. Hilo linakuweka kwenye kundi la kuangaliwa kwa karibu. Kipimo chenyewe cha uzito wa mifupa kinaitwa DEXA, na si kila hospitali inacho. Eksirei ya kawaida haitoshi, kwa sababu mpaka ioneshe mfupa umepungua, kiasi kikubwa kimeshaondoka.

Chakula sasa. Wewe unauza mbaazi, na naogopa kwamba wewe mwenyewe asubuhi unakunywa chai ya rangi na kitumbua kimoja kilichoungua ambacho mteja amekikataa. Nimewaona kina mama wengi wanaolisha mtaa mzima wakila hivyo. Misuli haijengwi kwa wanga. Katika umri wako kila kilo ya mwili inataka gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa siku. Ukiwa na kilo 65 hiyo ni gramu 65 hadi 78. Yai moja lina gramu 6 hivi, kipande cha samaki cha gramu 100 kina kama 20. Igawanye kwa milo yote, isirundikane usiku. Bakuli la mbaazi zako ule kabla hujafungua biashara. Ukienda Deep Sea kununua samaki, chukua na dagaa, uwale wazima na mifupa yao, maana kalsiamu iko huko. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji kama miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku, na glasi moja ya maziwa au mtindi inakupa takriban 300. Mkoa wetu una maziwa mengi, tuyanywe. Mchicha ni mzuri kwa mengine, ila kalsiamu yake imefungwa na asidi iliyomo humo na kidogo sana ndiyo inayoingia mwilini.

Jua la Tanga tunalo la kutosha, lakini vitamini D inatengenezwa na ngozi iliyoguswa na jua, na sisi tukitoka tumejistiri. Tumia ua wa nyumba. Wakati unachambua mchele, hakuna mgeni, ziachie jua mikono na miguu. Ngozi nyeusi inahitaji muda zaidi kuliko nyeupe.

Kwa wanao nina maombi pia, maana wana nguvu na mapenzi na hawajui pa kuyapeleka. Kishikio cha chuma kifungwe kwenye ukuta wa bafu, cha kushika, si cha taulo. Sakafu ya vigae iwekwe mpira usioteleza. Taa ya ukumbini iwake usiku mama anapokwenda msalani. Kandambili zilizolika zitupwe leo. Asipande kigoda kushusha sufuria, na hiyo mbuzi ishushwe kutoka juu ya kabati, maana kuipandia kule ilikuwa hatari kuliko kuikalia. Kwenye bodaboda asikae upande. Macho yapimwe, na kama anatumia dawa za presha na anasikia kizunguzungu akisimama, daktari aambiwe.

SWALI: Mama yangu ana miaka 71, yuko Pangani. Amepungua kimo, mgongo unapinda, na mwezi uliopita aliinama kuokota kuni akasikia maumivu makali ghafla katikati ya mgongo. Anakandwa na mafuta ya moto kila jioni lakini anazidi kulia. Ana pumu ya siku nyingi, anatumia vidonge vya prednisoloni. Watu wanasema ni uzee.
Binti yake, Makorora

JIBU: Mwanangu, ukandaji usimame leo. Ulivyoeleza, naogopa kwamba pingili ya uti wa mgongo imebonyea, yaani imevunjika kwa kujikandamiza yenyewe. Mfupa ukidhoofika sana hauhitaji ajali. Kuinama, kukohoa, kunyanyua kuni kunatosha. Mtu aliyepungua zaidi ya sentimita 4 kulinganisha na kimo chake cha ujana mara nyingi ana pingili zilizobonyea, hata kama hajawahi kulalamika. Kumkandamiza mgongo kwa viganja kunaweza kuongeza madhara.

Mpeleke hospitali, na vidonge vyake vyote mkononi, pakiti na cheti. Prednisoloni ikitumika miezi mingi inakula mifupa, na hilo daktari lazima alijue. Lakini sikiliza vizuri: asiziache ghafla. Mwili uliozoea dawa hiyo ukikatiwa kwa siku moja unaweza kuanguka vibaya sana, mbali na pumu yenyewe kurudi. Daktari ndiye atakayepunguza, au kumhamishia kwenye dawa ya kuvuta, ambayo dozi yake ni ndogo na inaishia zaidi kwenye mapafu.

Zipo dawa za kuwazuia wabomoaji wa mfupa niliowataja juu. Mojawapo ni alendronati, hunywewa mara 1 kwa wiki. Akiandikiwa hiyo, msimamie wewe mwenyewe: asubuhi kabla hajala wala kunywa chai, kwa glasi nzima ya maji, kisha akae wima au atembee kwa nusu saa. Akirudi kulala nayo, inaunguza koo la chakula. Mazoezi ya madumu niliyomwandikia Mama Vitumbua si yake kwa sasa. Yeye aanze na mtaalamu, maumivu yakishatulia, na asiiname kwa kukunja mgongo. Fagio lake lipate mpini mrefu, na kuni waokote wajukuu.

Uzee upo, hakuna anayeukataa. Lakini maumivu ya ghafla ya mgongo kwa mama wa umri huo ni jambo la daktari, na inaniuma kila ninaposikia limeachwa miezi.

SWALI: Nina miaka 49, hedhi inaruka miezi, inarudi, inaruka tena. Nimeshauriwa ninywe supu ya makongoro kila siku ili nijaze kalsiamu kabla mifupa haijaanza kuisha. Na vidonge vya kalsiamu je, ninywe vingi mapema?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Kalsiamu ya mfupa uliochemshwa inabaki kwenye mfupa, kinachotoka kwenye supu ni kidogo. Ukiipenda inywe, na nyama yake uile, ila usiihesabu kama maziwa wala dagaa. Vidonge si vya kujazia akiba. Chakula kwanza, na kidonge kizibe pengo lililobaki tu, kisizidi miligramu 500 kwa mara moja kwa sababu mwili hauwezi kupokea zaidi ya hapo vizuri. Kama umewahi kuwa na mawe ya figo, usianze bila kumuona daktari. Ukitaka kutangulia mbele ya miaka inayokuja, anza madumu sasa hivi, na kama unavuta sigara, acha.

Kuruka kwa hedhi katika umri wako ni kawaida. Zikipita miezi 12 mfululizo bila damu, ndipo tunasema imekoma. Ukiona damu baada ya miezi hiyo 12, hata tone, nenda hospitali wiki hiyo hiyo ukaangaliwe kizazi.